Nyuma ya Gurudumu la Dada

Héritière alijifunza baiskeli kwa ajili ya maziwa. Baba yake alikuwa na ng'ombe wachache juu ya Mushaki, katika milima ya Masisi, na kila asubuhi ilibidi mtu ateremshe madebe hadi Sake kabla maziwa hayajachacha. Mtoto wa kiume hakuwepo nyumbani. Kazi ikamwangukia yeye, pamoja na baiskeli nyeusi ambayo breki yake ya pekee ilikuwa soli ya kiatu. Watu wa kando ya barabara walizoea kumwona akizikata zile kona kama jiwe lililoponyoka mlimani, madebe yakigongana nyuma yake, wamama wakijishika vifua. Hakuwahi kumwaga.

Vita vilipopanda milimani vilikula ng'ombe kwanza, kisha baba. Mama Donatille akateremka Goma na mabinti zake wawili na mzigo wa kichwani tu. Wakapanga chumba Ndosho, juu ya mawe meusi ya volkano, na Héritière akaendelea kubeba. Safari hii ilikuwa makaa kutoka Kibati, na mara nyingine juu ya gunia alikuwepo pia Jolie, mdogo wake, amemshika kiuno na kufumba macho kila waliposhuka.

Huko ndiko Émile alikomwona. Émile alikuwa mtoto wa karani, wa familia ya Kikatoliki iliyohamia Goma kutoka upande wa Bukavu. Aliwahi kushindana mwenyewe hadi goti lilipomkatalia, na sasa alikuwa kocha wa klabu ndogo. Siku hiyo vijana wake walikuwa wanapanda Munigi kwa baiskeli nyembamba za mashindano, mara wakapitwa na msichana mwenye gunia la makaa. Vijana walicheka. Émile hakucheka. Alimfuata kwa pikipiki hadi Ndosho, akakaribishwa kigoda, akamwambia mama mtu:

"Mama, huyu mutoto Mungu amemupa mapafu ya farasi. Ukimuacha abebe makaa, ni zambi."

Mama Donatille alikuwa hajasikia sifa za mtoto wake kutoka kwa mtu aliyevaa viatu vya ngozi. Alikubali kabla chai haijapoa. Kwanza Émile alikuwa kocha; baadaye, padri alipokwisha kutangaza majina kanisani na hakuna aliyepinga, akawa mume.

Kila aliyemjua Émile angekwambia ni mtu mpole, na kweli alikuwa mpole. Hakupaza sauti, hakuinua mkono. Namna yake ilikuwa nyingine. Walipofanya mazoezi kwenye barabara ya Rutshuru, yeye mbele kwa pikipiki na mke wake nyuma akikanyaga, chupa za maji zilikaa katika mkoba wa Émile, na zilifunguliwa kijijini Kalengera, si kabla. Siku moja miguu ilimfia Héritière kwenye kilima, kijiji kikiwa bado hakijaonekana. Akashuka, akaketi kando ya lami. Émile akageuza pikipiki, akamsogelea, akazima injini.

"Umemaliza?"

"Nimechoka, Émile. Nipe maji kwanza."

"Maji iko Kalengera."

"Kalengera ni hapo tu, karibu. Nipe."

"Kama ni karibu, panda."

Hakupanda. Basi Émile akawasha pikipiki, akampita polepole kama mtu anavyompita jirani asiye na la kumwambia, akarudi Goma na maji yake. Héritière akabaki peke yake katika barabara inayokatiza mbuga, ambako hata malori hungoja kupita kwa msafara wenye bunduki. Wanawake wa Kalengera ndio waliomnywesha na kumpa ndizi. Akarudi akikanyaga kwa hofu, akitazama majani ya kila upande. Alipofika nyumbani alikuta maji ya kuoga yamechemshwa, maharage yako mezani, na mume wake anatabasamu.

"Umeona?" Émile akasema. "Ulikuwa unaweza."

Alimwamini. Hilo ndilo lililokuja kumtisha miaka mingi baadaye, kuliko kuachwa kwenyewe: kwamba alikula yale maharage akishukuru.

Na ushindi ulikuja, hakuna wa kukataa. Alishinda Goma, akashinda Bukavu, akaitwa timu ya taifa. Alipelekwa Rwanda, akapelekwa Kameruni na Burkina, akajifunza kukaa katika kundi la wakimbiaji bega kwa bega bila kuogopa viwiko, akajifunza kujikinga upepo nyuma ya mwenzake na kumwacha dakika za mwisho. Wanafunzi wa Ndosho walimkimbilia wakiita jina lake. Mama Donatille akapata nyumba ya mbao yenye vyumba vitatu, na kanisani akaanza kukaa benchi la mbele.

Juma moja kabla ya ubingwa wa taifa, Héritière alimkuta Émile uani akikaza spoki za gurudumu. Alikuwa amelikariri neno lake tangu asubuhi.

"Émile, niko na mimba."

Gurudumu liliendelea kuzunguka. Émile alilitazama hadi liliposimama lenyewe.

"Ya miezi ngapi?"

"Sijui vizuri. Miwili, labda."

"Na mbio iko siku ya Mungu."

"Njo maana nakuambia."

Émile alichukua ufunguo wa spoki, akajaribu moja, akajaribu nyingine, kama anayesikiliza gitaa.

"Mimba ya miezi miwili haina uzito," akasema. "Panda hii mbio moja, kisha utapumuzika hadi uzae. Mimi mwenyewe nitakupikia."

Alipanda. Akashinda kwa kuwaacha wote kilima cha mwisho, akiwa na maumivu kiunoni aliyojidanganya kwamba ni ya kiti. Bendera ilipokuwa bado mabegani, aliomba apelekwe chooni, na huko akaona damu. Hospitalini walimsafisha, na daktari akasema maneno mengi ya taratibu ambayo maana yake ilikuwa moja: asitegemee sana kupata mtoto tena. Émile alikuja jioni hiyo na kombe. Aliliweka juu ya meza ya dawa ili wauguzi walione, akamwinua mke wake kwenye mto, akampangusa uso kwa kitambaa chenye maji, akamwita mtu awapige picha. Picha hiyo ilienea mjini. Ndani yake Héritière anaonekana amechoka kwa ushindi.

Baada ya hapo mwili ulikataa amri. Alifanya mazoezi yaleyale, alikula chakula kilekile, lakini kwenye vilima akawa anaona migongo ya watu ambao zamani walikuwa wanaona wake. Émile hakumlaumu hata siku moja. Alianza tu kumwita Jolie aje kuosha baiskeli, kisha azijaribu, kisha apande na wengine. Jolie alikuwa amekua mrefu, mapaja marefu, kifua kipana, na alicheka kila alipochoka. Kupanda mlima kwake kulikuwa kama wengine wanavyoshuka. Kushuka tu ndiko kulikomshinda. Alibana breki kila kona, mabega yamekaza, bado anataka kufumba macho.

Asubuhi moja klabu nzima ilikuwa imekusanyika Katindo kuanza mazoezi. Émile akamsogelea Héritière, aliyekuwa ameshafunga kofia ya mashindano, akashika usukani wa baiskeli ya kaboni ambayo wafadhili walimletea bingwa.

"Shuka," akasema. "Mupe mudogo wako."

Héritière alidhani ni mzaha, akatabasamu, kisha akaona hakuna mwingine aliyetabasamu. Akashuka. Jolie alisimama akiwa amekunja mikono kifuani.

"Yaya, pole," akasema kwa sauti ndogo, yaya kwao likiwa jina la dada mkubwa. "Mimi sikuomba."

Lakini aliipokea. Na kabla hajapanda alitoa ufunguo mfukoni, akakiinua kiti, maana alikuwa mrefu kuliko dada yake. Héritière alitazama zile nati zikifunguliwa na kukazwa. Pole aliisikia, ufunguo ndio ulioingia moyoni. Mtu haamki na ufunguo mfukoni kama hakujua.

Alikwenda kumlilia mama yake. Mama Donatille alikuwa anachambua mboga za sombe, na hakuziacha.

"Wewe ulishakula zamu yako," akamwambia. "Muachie mwenzako. Kinga imebaki nyumbani, haikuenda kwa jirani."

Kinga ndiyo baiskeli, kwa Kiswahili cha Goma. Héritière alirudi kwake, akaomba apewe hata kazi ya kumsaidia mdogo wake, na kazi hiyo Émile alikuwa amekwisha kumwekea. Msimu mzima alipanda kama msaidizi. Alimkingia Jolie upepo. Alirudi nyuma ya kundi kuchota chupa, akazijaza ndani ya jezi mgongoni, akampelekea. Jolie alipopasukiwa tairi, Héritière alichomoa gurudumu lake akampa, akasimama kando ya barabara na baiskeli ya mguu mmoja hadi gari la vifaa lilipomwokota. Jolie alishinda ubingwa. Jukwaani alimbusu dada yake mashavu yote mawili, na Héritière akapiga makofi pamoja na umati.

Volkano ilipolipuka na kumwaga moto hadi mlangoni mwa mji, barabara ya Rutshuru ilizikwa pale Munigi na Kibati. Klabu ikakosa pa kufanyia mazoezi. Watu wakawa wanavuka juu ya lile jiwe jipya lingali na joto chini. Héritière alikwenda Birere kwenye vyuma vya mitumba, akaokoteza fremu nzito ya baiskeli ya mlimani, uma wa mbele wa nyingine, magurudumu ya baiskeli ya tatu, akaungaunga hadi kikapatikana kitu kinachosimama. Kila siku alikipeleka kwenye lava. Hapo hapakuwa na upepo wa kumkingia mtu wala chupa za kumbebea. Palikuwa na mawe yenye meno kama msumeno, nyufa, changarawe inayoteleza kama mtama uliomwagwa. Alianguka, akachanika magoti, akarudi. Na ile ya Mushaki ikarudi pia: jicho linatangulia, mwili unafuata, breki ni ya waoga. Aliingia mashindano ya baiskeli za mlimani akiwa mtu asiyetazamwa, akawashinda wanawake wote wa mkoa. Akavuka mpaka kwenda kushindana Rwanda, akawashinda na huko. Kwa mara ya kwanza tangu kombe lile la hospitalini alilala akijua kwamba anachokimiliki hakikutoka mkononi mwa mtu.

Kisha zikaja habari kwamba timu moja ya ng'ambo, inayoshiriki barabarani na milimani, itatuma watu wake Goma. Watatazama mbio ya baiskeli za mlimani Kibati, na watachukua mwanamke mmoja. Émile akaagiza baiskeli mpya ya mlimani. Héritière aliiona imeegemezwa sebuleni ikiwa bado na plastiki, kiti chake kimeinuliwa juu.

Wakati wa chakula cha mchana Émile aliwaita dada wote wawili mezani. Kulikuwa na bugali na sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapakulia.

"Jolie," akasema, "kupanda unajua. Kushuka ukae nyuma ya yaya yako. Pale gurudumu lake linapita, na lako lipite, usifikiri kitu kingine. Kwenye tambarare ya mwisho utamuacha."

"Na kama yeye ataenda mbio sana?"

"Hataenda mbio sana." Akamgeukia mke wake. "Wewe kazi yako ni kumuonyesha njia. Hawa Wazungu wanataka mutu mwenye miaka mingi mbele yake. Wewe unaelewa."

"Ninaelewa," Héritière akasema.

Jolie alinyoosha mkono, akaugusa wa dada yake juu ya meza. "Yaya, nikienda huko nitakutumia viatu vizuri."

Héritière akamwondolea sambaza mmoja mfupa, akamwekea kwenye sahani, kama alivyomfanyia utotoni.

Mbio ilikuwa ya mizunguko miwili: kupanda kutoka Kibati kupitia mashamba ya maharage, kuzunguka juu, kuteremka kwenye lava, na kumalizia tambarare iliyojaa watu. Mzunguko wa kwanza walipanda pamoja na kuwaacha wengine wote mbali. Walipofika kileleni Jolie alipunguza mwendo, akamwachia dada yake mbele, kama walivyoagizwa. Wakashuka. Katikati ya mteremko kulikuwa na mwamba mkubwa unaoigawa njia. Kushoto palikuwa na mchanga mweusi, laini, wa polepole. Kulia lava iliganda kama ngazi, na baada ya ngazi ilikatika ghafla kwa kimo cha mtu, chini yake mawe matupu. Héritière alikuwa ameruka pale mara nyingi katika mazoezi. Ilitaka mtu aachie breki zote na auvute usukani juu kabla ya ukingo. Mwenye kubana breki angepinduka kichwa mbele. Mzunguko wa kwanza alishika kushoto. Jolie akapita nyuma yake, salama, akamwita, "Asante, yaya," na sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye furaha.

Mzunguko wa pili, katika mashamba ya maharage, Héritière alisikia jinsi mwenzake anavyopumua. Ilikuwa pumzi ya mtu ambaye hajachoka. Yeye alikuwa anaona giza pembeni mwa macho. Tambarare ingekuja, na Jolie angempita bila hata kusimama juu ya pedali, na watu wale wangeandika jina moja.

Hakuna kilichompanda kichwani. Baadaye alijaribu sana kukumbuka hasira, asiipate. Aliuona mwamba unakuja. Aliliona tairi la Jolie kwa pembe ya jicho, karibu kabisa, likifuata kama mtoto aliyeshika nguo. Alikuwa na muda wa kutosha wa kusema neno moja. Akashika kulia, akaachia breki.

Aliruka, akatua, magurudumu yakapiga chini na kushika. Nyuma yake alisikia breki zikilia, kisha sauti ya kaboni ikivunjika, na nyingine isiyo ya kaboni. Hakukuwa na mlio wa mtu. Hakugeuka. Aliingia tambarare peke yake, watu wakipiga vuvuzela na masufuria, akavuka mstari mikono ikiwa kwenye usukani.

Jolie aliletwa juu ya mlango wa mbao uliong'olewa kwenye kibanda. Paja lilikuwa limevunjika na kugeuka upande, na nusu ya uso ilikuwa imechanwa na mawe. Alikuwa na fahamu. Aliitazama anga kwa jicho moja, akisema tu kwamba ana kiu. Watu waliombeba walipita karibu na mstari wa mwisho, karibu na Émile. Émile alitazama, akasogea kando kuwapisha, kisha akaendelea kutembea na kwenda kumkumbatia mshindi.

Hospitalini, Mama Donatille aliingia chumbani na hakutoka. Héritière alikaa kwenye benchi la ukumbini akiwa na jezi ya mbio na vumbi usoni. Émile alikuja kukaa karibu naye. Alikuwa na soda mbili, akamfungulia moja.

"Jicho la kushoto halitaona tena," akasema. "Na mguu utakuwa mufupi."

Héritière aliishika soda kwa mikono miwili.

"Nilienda pale juu kuangalia. Alama za tairi ziko wazi. Mzunguko wa kwanza mulipita kushoto."

Héritière alingoja kofi. Alilitaka, aliliinulia uso kabisa. Émile akamtazama kwa muda, na polepole midomo yake ikafunguka katika lile tabasamu la maharage na maji ya moto.

"Sasa njo umekuwa coureur," akasema, mkimbiaji wa kweli. Akamgonga goti kidogo. "Kunywa soda yako. Batu ba timu banakungoja."

Aliinywa. Alikuwa na kiu.

Alipoingia chumbani kuaga, siku ya kuondoka, Jolie alikuwa amefungwa bandeji kichwa kizima, na Mama Donatille ameketi kati ya mlango na kitanda. Hakusogeza kiti. Héritière aliongea juu ya bega la mama yake, akasema atatuma dawa, atamtafutia daktari wa macho, mambo yote watu wanayosema. Chini ya bandeji haikutoka sauti. Mama Donatille alikuwa anasali rozari, na hakukosea punje hata moja.

Huko ng'ambo alikaa misimu michache. Alipanda barabarani na milimani, katika baridi iliyomkatakata vidole, na wenzake ambao hakuelewa vichekesho vyao. Hakuwa bingwa wa kitu. Umri wake ulikuwa vilevile kama Émile alivyousema. Lakini kwenye miteremko walimwogopa; waandishi walimwuliza alijifunzia wapi kutokuwa na hofu, akawaambia maziwa, wakacheka. Émile alikuwa amekwisha kutoka katika maisha yake bila barua wala ugomvi. Ilisemekana alivuka mpaka wa Bunagana akaenda Uganda, na kwamba yuko na msichana mwingine mwenye mapafu ya farasi. Héritière alituma dawa na nguo kwa Jolie na kwa mama. Vilipokelewa. Jibu lilikuwa kila mara lilelile: vimefika.

Timu ilipomwacha alirudi. Goma haikuwa ile aliyoiacha. Vita vilikuwa vimeingia mjini, uwanja wa ndege umefungwa, vijana wa klabu wametawanyika, na wawili waliuawa kwa risasi zisizojulikana mwenyewe. Ilibidi ashukie Kigali na kuvuka mpaka kwa miguu na mkoba mmoja. Nyumba ya mbao ya Ndosho ilikuwa na watu wengine. Jirani akamwambia amtafute mdogo wake Kituku, ziwani, kwenye soko la samaki.

Alifika mitumbwi ikiwa imekwisha kushusha. Wanawake walikuwa wameinamia mabeseni, wakigombana juu ya sambaza wanaong'aa kama sindano. Alimjua Jolie kwa urefu wake, hata alivyokuwa amekaa. Kovu lilikuwa limeivuta nusu ya uso kuelekea sikioni. Jolie alimtazama kwa jicho la kulia, kama anavyotazamwa mnunuzi.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja. Mama iko wapi?"

"Mama alikufa. Msimu wa mvua, ule mwingine, si huu."

Héritière aliweka mkoba chini. Soko liliendelea na kelele zake.

"Niliendelea kutuma nguo zake."

"Nilizivaa."

"Na hamukuniambia."

"Alisema usiambiwe. Alisema mutu aliyemuacha mwenzake njiani asiitwe kwenye matanga." Jolie aliwafukuza nzi juu ya beseni kwa jani. "Mimi nilitaka kukuita. Yeye njo alikataa. Nilimuambia kila kitu, unajua. Sikumuficha."

Héritière alipiga magoti kwenye mawe ya ufuoni, mbele ya beseni, bila kujali maji machafu. Maneno aliyoyabeba kutoka ng'ambo yalikuwa mazuri, aliyapanga ndani ya ndege. Sasa aliyaacha yote.

"Nilijua utaanguka," akasema.

"Ninajua kama ulijua."

"Jolie."

"Mimi niliiona ile ngazi, yaya. Niliiona mbele. Nikasema moyoni, kama yeye anapita, inapitika." Alisema bila kupandisha sauti, kama anayeeleza bei. "Kila siku nikilala njo kitu nafikiria. Si mguu. Si jicho. Ni kwamba mimi niliona na bado nikafuata."

Mnunuzi alikuja, akapimiwa, akaondoka. Mwingine akaja. Héritière alibaki amepiga magoti kando, akisogezwa na miguu ya watu, mpaka samaki waliobaki wakawa wa kupeleka kwenye soko la juu. Jolie akasimama kwa shida, akishika paja. Aliufunga mkoba wake wa pesa kiunoni, akatazama mlima mfupi wa kutoka ziwani, kisha akamtazama dada yake.

"Beba," akasema.

Héritière aliinua beseni, akalitia kichwani. Maji ya samaki yalimtiririka shingoni na ndani ya nguo. Jolie alitangulia. Alitembea polepole, polepole kuliko mguu wake ulivyodai, akisimama kusalimia kila anayemjua, na kila aliposimama yeye, aliyebeba alisimama nyuma yake akingoja, shingo ikitetemeka. Karibu na barabara mwanamke mmoja muuza mihogo alimtazama Héritière kwa udadisi, akakaza macho kama anayekumbuka uso wa kwenye picha.

"Jolie, huyu ni nani?"

"Mubebaji wangu," Jolie akasema.

Mwanamke akaitikia kwa kichwa. Jolie akaendelea kupanda, na kesho yake asubuhi, mitumbwi ilipofika, Héritière alikuwa amekwisha kusimama ufuoni, anangoja kuambiwa.